Dume Anapanda, Majike Hawashiki: Anza na Stoo ya Chakula

Mtu akinipigia simu kutoka Karen, Lang'ata au Ngong kuniambia farasi wake dume hazalishi, mara nyingi huwa tayari ameshika chupa mkononi: vitamini ya sindano, au unga alioelekezwa na jirani. Namwomba aiweke chini kwanza. Nina swali moja kabla ya yote: miezi miwili iliyopita huyo farasi alikuwa akila nini?

Si leo, wala si wiki jana. Mbegu ya farasi huchukua kama siku 57 kuumbwa ndani ya korodani, halafu siku 8 hadi 10 nyingine kupita kwenye mrija mrefu uliojikunja juu yake, ambamo hukomaa na kupata nguvu ya kuogelea. Ukijumlisha unapata siku 65 na ushei. Chakula kikiharibika tarehe 1 Januari, mbegu zilizoanza kuumbwa siku hiyo zitatoka mwilini yapata tarehe 8 Machi.

Hapa Nairobi tarehe hizo hudanganya sana. Januari na Februari jua huwa kali, uwanja umekauka, beli za nyasi zimepanda bei na watu wananunua chochote kinachofanana na nyasi. Machi mvua ya masika inaanza, kijani kinarudi, farasi anatoa manyoya yanayong'aa. Jike analetwa, anapandwa, hashiki. Mwenye farasi anamtazama dume wake alivyonona, anaapa kwamba lishe haiwezi kuwa na shida. Anamtazama farasi wa Machi, lakini mbegu ni za Januari.

Wenzetu wa Ulaya wana jambo jingine la kuangalia. Huko mchana mfupi wa majira ya baridi hupunguza mbegu za dume, kisha siku zikirefuka zinaongezeka tena. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na mchana wa Juni na ule wa Desemba hupishana kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mwongozo unaokwambia usubiri siku zirefuke haukuhusu. Kinachopanda na kushuka hapa ni mvua, na nyasi hufuata mvua.

Kabla ya dalili yoyote: pima

Nimeona ugomvi mwingi bandani ambao mizani ya elfu chache ingeumaliza. Saisi, mtunza farasi, anasema amempa farasi "kasuku mbili", mwenye farasi anasema ndivyo alivyoagiza, na wote wawili wanasema kweli. Lakini kopo la kasuku halijui uzito. Kopo hilohilo likijaa mahindi lina uzito unaokaribia mara tatu ya likijaa pumba ya ngano, na oti ziko katikati. Ukibadilisha nafaka bila kubadilisha kopo, umebadilisha mlo wote bila kujua. Pima kila chakula mara moja kwa mizani, andika namba kwa rangi kwenye kopo lenyewe, na maneno yataisha.

Farasi mwenyewe unaweza kumkadiria kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kuanzia ncha ya bega mpaka ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Dume wa mzunguko wa sentimita 185 na urefu wa sentimita 165 ana kilo 475 hivi. Fanya hivyo kila mwezi, asubuhi kabla hajala, na mtu yuleyule ashike futi.

Halafu mpapase. Kipimo kinachotumika duniani kote ni kile cha 1 hadi 9 kilichotolewa mwaka 1983 na Don Henneke, mtafiti wa chuo kikuu cha Marekani cha Texas A&M: 1 ni mifupa mitupu, 9 ni mafuta yanayotikisika. Dume wa kupandisha mtake awe 5 au 6. Mbavu huzioni, lakini kiganja kikipita kinazihesabu bila kukandamiza. Papasa kwa mkono, kwa sababu manyoya ya Julai huficha mengi machoni.

Majike hawashiki, na dume haonyeshi kasoro yoyote

Kwanza hakikisha tatizo ni lake. Jike mmoja asiposhika kati ya watano, mwangalie jike. Wakiwa wanne wa umri tofauti, waliopandwa siku za joto la uzazi zilizothibitishwa, sasa mgeukie dume, na usibahatishe: mwite daktari wa mifugo anayejua farasi akusanye manii na kuyaangalia kwa hadubini. Nairobi hatuna kisingizio, maana kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko papa hapa Kabete. Kipimo cha kawaida ni kumpumzisha dume wiki nzima, kisha kukusanya mara mbili kwa kupishana saa moja. Mkusanyo wa pili ndio unaosema ukweli: unatakiwa uwe na mbegu zisizopungua bilioni 1 zenye umbo sahihi na zinazokwenda mbele.

Zikiwa pungufu, rudi nyuma siku 65 na uulize mambo mawili kabla ya kufungua stoo.

La kwanza ni homa. Korodani hufanya kazi zikiwa na baridi kidogo kuliko mwili, ndiyo maana zinaning'inia. Farasi mzima ana nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akipandisha joto kwa siku kadhaa, iwe ni ugonjwa wa kupe, nagana au maradhi ya farasi ya Afrika, mbegu zilizokuwa zikiumbwa siku hizo zimeungua. Zitatoka zikiwa na vichwa vibaya na mikia iliyopinda kwa karibu miezi miwili hata kama farasi mwenyewe amepona na anacheza. Hapo chakula hakina kosa. Mpe muda, pima tena.

La pili linanikera mpaka leo. Farasi wengi wanaofanywa madume wa uzazi mjini hapa wametoka kwenye mbio, na baadhi wamepitia mikono iliyowachoma dawa za kujenga misuli. Dawa hizo, pamoja na testosteroni ya sindano, huambia ubongo kwamba homoni imetosha. Ubongo unazizima korodani, nazo zinanywea. Farasi anabaki na shingo nene na hasira nyingi, anapanda kama simba, na chini ya hadubini hakuna kitu. Nimewahi kuuziwa "unga wa nguvu za dume" usio na orodha ya viungo kwenye kopo. Sikumpa farasi, na wewe usimpe. Kitu ambacho muuzaji hawezi kukuambia kimetengenezwa na nini, kisipite mlango wa banda. Aliyekwisha kuchomwa huchukua miezi mingi kurudi, na hakuna chakula cha kumharakisha.

Majibu yote mawili yakiwa "hapana", sasa ingia stoo.

Hadubini inaonyesha mbegu goigoi

Zipo, hesabu yake si mbaya, lakini haziendi. Zinatetemeka mahali pamoja, au zinazunguka kama mtu aliyepotea soko la Gikomba.

Vuta beli moja uikate kamba. Usitazame ngozi ya nje, hiyo daima imechomwa na jua. Ingiza mkono mpaka katikati, toa konzi, ipeleke nje kwenye mwanga. Nyasi njema ina ukijani wa chai kavu, inanukia kama shamba, na jani bado limeng'ang'ania shina. Ile ya kulaumiwa ni ya manjano mpaka moyoni, vijiti vitupu, ukiikunja inavunjika kwa kelele, na pua haipati kitu isipokuwa vumbi.

Ukijani ule ndio ushahidi wako. Majani mabichi yamejaa vitamini E na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Nyasi zikikatwa na kukaushwa vitamini E hupungua upesi, na kadiri beli zinavyokaa stoo ndivyo inavyozidi kwisha. Vitamini A ina akiba kwenye ini inayoweza kumbeba farasi kwa miezi, kwa hiyo mimi siihofii sana kwa farasi anayeona uwanja wa kijani sehemu ya mwaka. Vitamini E ndiyo ya kuangalia kwanza. Utando wa mbegu umejengwa kwa mafuta mepesi yanayoharibika haraka yakiguswa na oksijeni, na vitamini E ndiyo inayoyalinda. Ulinzi ukipungua, mkia ndio hufa mwanzo.

Farasi wa kilo 500 anahitaji yuniti 500 za vitamini E kwa siku kwa uchache. Anayekula nyasi mbichi saa nyingi hupata zaidi ya hapo bila msaada wa mtu. Anayefungiwa bandani kwa beli za mwaka jana hapati, na huyo ndiye wa kuongezewa, ikiwezekana ile vitamini ya asili badala ya ya kutengenezwa, kwa kuwa mwili huishika vizuri zaidi. Dakika chache za kumpeleka kwenye majani kwa kamba kila siku pia si kazi bure. Saisi mwenye subira na kamba ya mita 5 hupata majani ya bure kando ya ua.

Seleni, aina ya madini, hufanya kazi bega kwa bega na vitamini E, na hapa nakuomba uende polepole. Farasi wa kilo 500 anahitaji milligramu 1 hivi kwa siku. Umbali kati ya kutosha na sumu ni mdogo. Anayepewa chumvi ya kulamba yenye seleni, na unga wa madini wenye seleni, na sindano ya seleni, huishia kunyonyoka singa za shingo na mkia na kupasuka kwato. Soma kila lebo, jumlisha, na kabla ya kuongeza chochote mwombe daktari apime damu. Zinki na shaba vilevile: vinahitajika, lakini mchanganyiko mmoja wa madini uliotengenezewa farasi unatosha. Kuchanganya mitatu kwa kuwa dume ni wa thamani ni kumwonea.

Kisha kuna mafuta ya omega-3. Mwaka 2005 watafiti wa Texas A&M walichapisha matokeo ya kuwapa madume chakula chenye DHA, yale mafuta ya samaki na mwani wa baharini, kwa wiki 14. Mbegu zilizopozwa au kugandishwa zilikwenda vizuri zaidi, hasa kwa madume ambao mbegu zao hapo awali hazikuvumilia baridi. Walikuwa farasi 8 tu, kwa hiyo usiuze ng'ombe kununua mafuta ya samaki. Lakini kama manii ya dume wako yanasafirishwa kwenye kisanduku cha baridi kutoka Nairobi kwenda Naivasha, na yanafika yamelala, hilo ni jambo la kujaribu. Anza na kijiko, ongeza pole pole kwa wiki mbili, maana harufu humkimbiza farasi kwenye ndoo. Mbegu za kitani ni nzuri kwa ngozi na zina omega-3 ya aina nyingine, ila mwili wa farasi huigeuza kuwa DHA kwa kiasi kidogo sana. Usizitegemee kwa kazi hii.

Kwa wenye Thoroughbred wa kuandikishwa kwa ajili ya mbio, suala la kupoza halipo: mtoto lazima atokane na kupandwa kwa mwili, dume na jike wenyewe.

Anapanda, anashuka, anapanda tena, anakata tamaa

Dalili hii ndiyo niliyoiona ikiwapotezea watu pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu wanatibu mahali pasipouma.

Nilimlea dume mmoja wa rangi ya damu ya mzee huko Lang'ata. Kwa macho ya kila mtu alikuwa akilishwa kifalme: mchana kutwa kwenye uwanja wa nyasi ya kikuyu unaomwagiliwa, jioni ndoo ya uji wa pumba ya ngano wenye molasi, kwa kuwa mwenye farasi aliamini pumba ni laini kwa tumbo. Akiletewa jike alilia mpaka banda zima likaitikia. Alipanda bila kusita. Halafu katikati ya kazi anashuka, anasimama pembeni, masikio nyuma. Wakasema hamu imemwisha, wakamchoma homoni. Hamu ilikuwepo tele, kila mtu aliyesikia ule mlio alijua.

Daktari alipokuja nilimshikia mkia nikidhani ataanzia nyuma. Akaja mbele. Aliweka viganja viwili usoni mwa farasi, chini kidogo ya macho, akapapasa mifupa pande zote kwa pamoja, kisha akateremka kwenye taya la chini.

"Saisi, hebu shika hapa."

Nikashika. Ukingo wa taya, ambao hukata kidole kwa wembamba, ulikuwa mnene na wa mviringo kama mpini wa jembe.

"Pumba anakula kiasi gani?"

"Ndoo moja jioni, Daktari. Siku za kazi mbili."

Hakusema kitu kwa muda. Alimtembeza farasi kwenye kokoto, na kweli, hatua zake za nyuma zilikuwa fupi, leo mguu huu, kesho ule. Tulikuwa tumezizoea.

Maelezo yake ni haya. Nyasi ya kikuyu, hii iliyojaa kila uwanja kutoka Limuru mpaka Karen, ina oksaleti. Oksaleti huikamata kalsiamu ndani ya utumbo, na farasi anaitoa kwenye kinyesi bila kuifaidi. Nepia na setaria zina tabia hiyohiyo. Ng'ombe wa jirani hadhuriki kirahisi, maana vijidudu vya tumbo lake kubwa huivunja oksaleti kabla haijafanya kazi yake. Farasi hana tumbo hilo. Juu ya hapo ikaja pumba: kilo moja ya pumba ya ngano ina gramu 11 hivi za fosforasi na kalsiamu gramu moja na kidogo tu. Mwili unahitaji kalsiamu iizidi fosforasi, vizuri zaidi mara moja na nusu hadi mara mbili, na kamwe isiwe chini yake. Ikikosekana kwenye chakula, mwili unaichota kwenye mifupa. Uso unavimba, viungo vinauma. Huko Ulaya zamani waliuita ugonjwa wa farasi wa wasaga unga, kwa sababu farasi wa vinu ndio walioshindishwa na pumba.

Sasa fikiria dume mwenye viungo hivyo akiinua kilo 500 na kuzisimamisha juu ya miguu miwili ya nyuma. Mbegu anazo, nia anayo, mgongo na magoti ya nyuma vinamwambia shuka.

Angalizo moja: damu inaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida kabisa, kwa kuwa mwili huikopa mifupani ili damu isipungue. Majibu mazuri ya maabara hayamwondolei farasi tuhuma. Mtazame anachokula.

Tulimwondolea pumba yote. Nusu ya saa za kikuyu zikageuzwa kuwa beli za nyasi ya Boma Rhodes, ambayo haina shida hiyo. Tukaongeza kilo 2 za lusani kwa siku, ile ambayo wengine huiita alfalfa. Kila kilo ina kalsiamu gramu 13 hivi na fosforasi chache. Daktari akampangia kipimo cha chokaa ya mifugo, na nasisitiza akupangie yeye, usikadirie. Mifupa haina haraka. Ilituchukua zaidi ya miezi sita kabla hajapanda na kumaliza kazi bila kushuka. Siku hiyo sikuona haya kulia mbele ya watu.

Kama uso na taya viko sawa, shika kwato. Zikiwa na joto na mshipa wa juu ya kifundo unapiga kwa nguvu, huenda ni uvimbe wa ndani ya kwato unaotokana na wanga na sukari nyingi, na hapo unaangukia kwenye sehemu ya farasi mnene, chini kidogo.

Anakonda msimu wa kazi

Dume wa kilo 500 asiye na kazi anatosheka na megakalori (kipimo cha nguvu ya chakula) 17 au 18 hivi kwa siku. Akiwa kwenye msimu wa kupandisha hitaji linafika karibu 22. Kazi yenyewe ni ya dakika, lakini yeye hutembea ua kutwa, analia, anasahau ndoo kila jike akipita. Ukimhamishia banda ambalo hawaoni majike, wakati mwingine anarudi kwenye mwili bila kuongezewa hata konzi.

Msingi ni nyasi: asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, yaani kilo 7 na nusu hadi 10 kwa farasi huyu. Kilo 9 za nyasi nzuri zinaleta megakalori 16 hivi, na kilo 2 za oti zinaziba pengo. Nafaka usimpe zaidi ya kilo 2 na nusu kwa mlo mmoja, gawanya. Asipoimaliza, kikombe cha mafuta ya kupikia kwenye ndoo kinaongeza megakalori 2 bila kumjaza wanga.

Protini ndiyo hukosekana kimyakimya. Anahitaji karibu gramu 790 kwa siku. Boma Rhodes iliyokatwa ikiwa imeshatoa mbegu, ile ya vijiti, inaweza kuwa na asilimia 6 tu: kilo 9 zinakupa gramu 540. Badilisha kilo 2 kati ya hizo ziwe lusani ya asilimia 17 na unafika 760, kisha oti zinamalizia. Huhitaji protini ya kopo.

Meno na minyoo viangalie kabla ya kuongeza chakula chochote. Anayedondosha matonge ya nyasi zilizotafunwa nusu anahitaji meno kusuguliwa. Kinyesi kipelekwe maabara wakahesabu mayai ya minyoo, usimnyweshe dawa kwa mazoea. Na chumvi, gramu 25 hadi 30 kwa siku, na maji masafi kila saa.

Amenenepa, na amekuwa mvivu

Hapa nitasema wazi: wengi wa madume ninaowaona Nairobi siku hizi wana shida hii, si ya kukonda. Mwenye farasi anaogopa lawama ya kumdhoofisha mnyama, basi anamjaza. Shingo inakuwa na mgongo mgumu juu, mafuta yanakaa nyuma ya bega na kuzunguka mzizi wa mkia. Farasi huyo anachoka upesi na anahema akipanda. Insulini yake inavurugika, na kwato zinafuata.

Ondoa nafaka na molasi kwanza. Nyasi ibaki asilimia 1.5 ya uzito, kavu, ipimwe kwa mizani, igawanywe mara tatu nne ili asikae tumbo tupu. Mpe kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini, kwa sababu ukipunguza chakula unapunguza na madini. Uwanja wa kikuyu uliotoka kunyeshewa mfunikie mdomo kwa kikapu au mtoe mapema. Mtembeze kila siku. Usimfungie njaa ya ghafla, hasa poni: mafuta humwagika kwenye damu na kumuua. Mwezi mmoja kwa sentimita chache za futi ni mwendo mzuri.

Vitu vya kutoa stoo leo

Chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa. Vingi huchanganywa monensini au salinomisini, dawa zinazomfaa kuku na ng'ombe na kuua moyo wa farasi kwa kiasi kidogo mno. Farasi hawezi kutapika. Hata gunia lililowahi kubeba chakula hicho usilitumie. Kama kiwanda kimoja kinakusagia vyote, uliza mashine inasafishwaje kati ya mzigo na mzigo, na kama jibu halikuridhishi tafuta kwingine.

Mahindi yaliyoota ukungu. Kuvu wake hutoa sumu inayolainisha ubongo wa farasi, na nyingine zinazoharibu ini. Usiyachague ukampa yanayoonekana safi. Gunia likinuka, limekwisha.

Mashudu ya pamba. Yana gosipoli, inayojulikana kwa kuharibu mbegu za dume kwa wanyama kadhaa. Farasi huistahimili kuliko wengine, lakini kwa dume wa uzazi sioni sababu ya kujaribu wakati lusani na soya iliyopikwa zipo.

Chakula ni sawa, homa hakuna, bado mbegu chache

Hesabu kazi zake. Dume anayepandishwa mara mbili au tatu kila siku kwa wiki nzima humaliza akiba iliyoko kwenye ule mrija, na mbegu zinazotoka zinakuwa za siku ile tu. Chakula hakijazi akiba hiyo, mapumziko ya siku chache ndiyo yanayoijaza. Kama hata baada ya kupumzika ziko chini, na korodani zimenywea au moja ni ngumu kuliko nyingine, hiyo ni kazi ya daktari na kipimo cha picha.

Kwa aliyekwisha kubadilisha chakula: andika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa stoo, pamoja na mahali beli zilikotoka. Miadi ya daktari iwe siku ya 70. Akija wiki ya tatu atakuta, kwa sehemu kubwa, mbegu za chakula kile ulichokitupa.